Msiba Bila Maiti

Siku niliyolizika soko la Rumonge kwa mdomo wangu, mwanangu, naikumbuka kama jana. Usicheke. Nilikuwa binti wa miaka ishirini hivi, nauza ndagala, wale dagaa wa ziwa letu, na uhuru wa nchi ulikuwa bado mchanga. Mdomo nilikuwa nao. Akili ilikuwa bado njiani.

Msimu ule wanunuzi wa Bujumbura walipungua. Ndagala zilikauka zikarudi maguniani, madebe ya mawese yakakaa tu. Shemeji yangu, karani, alisikia kwenye redio ya Kifaransa kwamba kuna krizi, yaani uchumi umeyumba. Neno lile lilinipendeza! Nikalibeba hadi sokoni, nikalitia chumvi yangu: "Krizi imefika! Soko limekufa!" Nikapita meza kwa meza, najiona msomi.

Sasa huku kwetu, ukisikia kifo unafunga kazi, unaenda msibani. Na watu walifunga kweli. Waliokuwa na ndagala walizitupa kwa bei ya bure. Jirani yetu Mama Zaina, mjane mwenye watoto wanne na shamba moja tu la michikichi, alimtafuta tajiri alinunue shamba lile mapema, kabla halijakosa thamani kabisa. Walipatana akabidhi Ijumaa.

Alhamisi asubuhi akaingia kwetu Mzee Ramazani, mkamuaji wa mawese, mtu wa maneno machache. Alikuwa amevaa kanzu yake ya kuendea mazishi.

"Poleni na musiba," akasema. "Maiti iko wapi?"

"Maiti gani, baba?"

"Soko. Nimesikia limekufa, na wewe ndiye umetangaza. Nimekuja kuzika."

Loo, aibu niliyoiona! Wadogo zangu walicheka mpaka wakatoka nje. Mzee hakucheka. Akakaa kwenye mkeka, akaniambia taratibu: "Bei imeshuka, ni kweli. Wanunuzi wamepungua, ni kweli. Hali imekuwa ngumu, tukaze mukanda: sema, nani atakukataza? Mutu akisikia bei imeshuka, anapunguza matumizi, anangoja. Akisikia soko limekufa, anauza shamba. Mama Zaina anauza kesho, na watoto wale watakula nini? Wewe uliyeweka matanga, wewe utayaondoa. Leo."

Mdomo huponza kichwa. Wangu ulikuwa karibu kuponza nyumba ya mwenzangu. Nikapika ugali wa muhogo, nikaunga ndagala zangu mwenyewe kwa mawese, nikawaita wanawake wa sokoni uani kwa Mama Zaina, kama tunavyofanya siku ya kuondoa matanga. Nikasimama mbele yao.

"Nilisema uongo," nikawaambia. "Soko halijafa. Bei imeshuka, na iliyoshuka hupanda. Nisameheni."

Mama Zaina akaniangalia weee.

"Kumbe shamba la watoto wangu lilikuwa linaenda kwa sababu ya mdomo wako?"

Nikalia, mwanangu, mbele za watu. Naye akanawa mikono, akala tonge la kwanza, akamwita mwanawe mkubwa: "Nenda kwa tajiri yule. Mwambie siuzi tena."

Sikudanganyi, haikuwa rahisi. Tulikula muhogo mtupu miezi mingi. Lakini baada ya dhiki faraja: wanunuzi walirudi, mmoja mmoja, wakamkuta Mama Zaina na mawese yake. Mawese uliyokula mchana huu yametoka kwenye shamba lile lile.

Basi nakusikia siku hizi, wewe na simu yako: kazi zimekufa, uchumi umekufa, bora niuze pikipiki. Mwanangu, sema shida kwa jina lake. Kazi ikipungua, sema imepungua. Bei ikishuka, sema imeshuka. Neno la kifo liache mpaka uone kaburi, maana kuna mjane anakusikiliza.

Mungu akupe riziki isiyokauka, na wenzako wakupe amani. Na siku ukisikia mtu anatangaza kifo cha soko, Mungu akupe ujasiri wa Mzee Ramazani: vaa kanzu, piga hodi, uliza maiti iko wapi.