Geti la Kijani Sebuleni

Shangazi yangu Bakhita alisomesha Kiingereza katika skuli ya wasichana hapa Sib, Oman, mpaka akastaafu, na miaka yote hiyo aligombana na kitabu kimoja. Kilikuwa riwaya ya zamani ya Kimarekani, ya tajiri anayedhani kila kilichompita ujanani kinaweza kununuliwa tena, hata mapenzi, hata furaha, mradi mtu awe na nyumba kubwa ya kutosha. Wanafunzi walikuwa wakilia kila mwaka wakifika mwisho. Shangazi halii. Alikuwa akiwaambia, "Futeni kamasi. Mtu ana vyumba asivyovijua, na hana jirani wa kumwomba chumvi. Hayo mapenzi au maradhi?" Mzazi mmoja aliwahi kwenda kushitaki kwa mwalimu mkuu kwamba bintiye amekatazwa kuhuzunika.

Yeye mwenyewe mapenzi aliyajua kwa kiasi. Mumewe, marehemu Sami, alikuwa mtu mwema wa posta, aliyeweza kukoroma hata ameketi. Walizaa, wakajenga, wakazoeana. Sami alipofariki, shangazi alikaa eda yake kamili, akamlilia kwa haki, kisha akanunua godoro jipya akalala katikati.

Lakini kabla ya Sami alikuwepo Saeed.

Hiyo ni khabari ya miaka ile watu wetu wamerudi Oman karibuni. Sisi tulitoka Unguja, watu wa Saeed walitoka Tabora. Wote tulikuwa Waarabu tunaoomba maji kwa Kiswahili, wote tulichekwa sokoni kwa Kiarabu chetu, na ungedhani jambo hilo lingetufanya ndugu. Wapi! Watu wa Unguja waliwatazama wa bara kama kwamba wamekuja Maskati kwa miguu.

Saeed alikuwa kijana wa karakana ya matairi, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko, meno meupe. Alimwona shangazi akitoka skuli, akampenda, na kwa kuwa hakuwa na mtu wa kumtuma, akajituma mwenyewe. Akaja mpaka getini kwa babu na katoni begani. Geti lenyewe la chuma, rangi ya kijani, lina tausi wawili waliochomelewa na fundi aliyekuwa, bila shaka, hajapata kumwona tausi. Walifanana na kuku. Bibi yangu, Bi Aya, akafungua kidogo.

"Nimeleta nyanya," Saeed akasema.

Bibi akachungulia nyuma yake, akatazama njia juu na chini. "Nyanya wa nani? Mbona umemwacha juani? Mwambie aingie!"

Sisi twasema tungule, na nyanya kwetu ni bibi. Kwao bara husema nyanya. Ilipobainika kuwa hapana kikongwe yeyote, ila tungule tupu, bibi alicheka mpaka akashika mbavu, akapokea katoni, akasema Mungu akuzidishie, akafunga geti. Saeed hakupata hata nafasi ya kutamka neno posa. Aliporudi mara ya pili alifungiwa bila kicheko. "Mtoto wa bara," bibi alisema akiwa ndani, kwa sauti ya kusikika nje, "tena wa matairi." Shangazi alikuwa dirishani. Yeye anasema hakutoa hata chozi. Baba yangu, ambaye ni kaka yake, anasema alilia akagoma kula, lakini baba hupenda kutia chumvi.

Basi. Shangazi akaolewa na Sami. Saeed akaoa Hajar, mwanamke wa Qurayyat, akapata watoto, na matairi madogo yakazaa makubwa: malori, winchi, mitambo ya kuchimbia. Leo ukipita barabarani ukaona gari lenye gurudumu refu kuliko wewe, labda gurudumu hilo limepitia kwake. Hajar akaugua, akafariki. Mwaka mmoja baadaye dada yake Saeed, Bi Nawar, akaanza kututembelea.

Mara ya kwanza alileta udi. Shangazi akapokea. Mara ya pili alileta mafuta ya waridi. Shangazi akapokea, akanusa, akasema si mabaya. Mara ya tatu likaja gari na friji la milango miwili, la kutoa barafu lenyewe, na wafanyakazi wakahangaika nalo mlangoni mpaka wakachuna rangi ya ukuta. Halikuingia.

"Lirudisheni," shangazi akasema. "Nyumba yangu imelikataa kabla sijalikataa mimi."

Nawar hakuvunjika moyo. "Dada Bakhita, Saeed kahamia nyumba mpya Bawshar. Ijumaa anasoma maulidi. Anakutaka uje."

"Nyumba ipi?"

"Ile yenye nguzo."

"Bawshar zote zina nguzo, Nawar. Ya kwake ina nini?"

Nawar akatabasamu kama mtu aliyeficha peremende. "Njoo utaona."

Mimi ndiye niliyeendesha gari. Shangazi alivaa abaya yake ya hariri, akajifukiza, akanambia anakwenda kwa ajili ya wali tu. Sikumuuliza kitu, mtu haendi kula wali kwa wanja ule.

Nyumba ilikuwa kweli na nguzo, nje na ndani, nyingine hazishikilii kitu. Maulidi yakasomwa, watu wakala, wanawake upande wao, wanaume upande wao, na sote tukasifu marumaru maana hapakuwa na kitu kingine cha kutazama. Kisha Nawar akatushika mikono, shangazi na mimi, akatupitisha ukumbi baada ya ukumbi mpaka sebule ya ndani kabisa.

Saeed alikuwa amesimama huko, kanzu nyeupe, kilemba kimefungwa vizuri, mzee mwembamba mwenye mikono mikubwa. Na pembeni yake, katikati ya ukuta mweupe, limepachikwa geti. La kijani. Lina tausi wawili kama kuku.

"Bakhita," akasema. "Nyumba yenu ilipobomolewa, nilikwenda mimi mwenyewe nikalinunua hili. Nimelitunza miaka yote. Nilisema ipo siku."

Akavuta komeo. Geti likalia kama zamani, akalifungua mpaka mwisho, taratibu, kwa heshima, kama mtu anayefunua pazia la bi harusi. Nyuma yake palikuwa na ukuta.

"Sasa limefunguka," akasema.

Nilimwona shangazi akijizuia. Aliuma mdomo, akatazama dari, akatazama viatu vyake. Wallahi alijitahidi. Kisha akaangua kicheko, kicheko cha bibi kilekile, cha kushika mbavu, akaegemea nguzo. Pengine hiyo ndiyo kazi ya kwanza nguzo ile kuifanya.

"Saeed!" akasema huku akifuta machozi. "Linafunguka ukutani!"

Nawar akageuka jiwe. Saeed akalifunga geti, akarudisha komeo, akatoka kwa mlango mwingine, wa kawaida, unaokwenda mahali.

Kabla hatujafika Sib khabari zilikuwa zimetutangulia. Waliosema Bakhita hana adabu walikuwa wengi, na waliosema Bakhita hana akili, kuikataa nyumba kama ile, walikuwa wengi zaidi. Wanawe wakampigia simu mmoja baada ya mwingine, wakimuuliza kwa upole ikiwa yu mzima. Yeye alijifanya hajali, lakini aliunguza mkate wa ufuta, jambo ambalo sijapata kuliona, na akaukwangua masizi kwa kisu akisema peke yake, "Nimemcheka mtu mbele ya nduguye. Mamangu alimcheka akiwa na mlango wa kuufunga. Mimi hata mlango sikuwa nao."

Nikamwambia ampigie simu amwombe radhi.

"Nitasema nini? Samahani kwa kuwa umenichekesha?"

Badala yake alikwenda duka la vitabu, akatafuta ile riwaya yake ya Kimarekani kwa tafsiri ya Kiarabu, akampelekea Saeed. Mimi niliona ni ukatili. Mtu umemvunja moyo, halafu unampa kazi ya skuli.

Saeed alikisoma. Wiki haikupita, akapiga simu, na shangazi akaiweka sauti juu kwa kuwa mikono yake ilikuwa na unga.

"Nimemaliza," Saeed akasema bila salamu. "Huyu bwana wa kwenye kitabu ni mpumbavu kabisa. Hakuwa na mtu hata mmoja wa kumwambia ukweli?"

"Alikuwa na wageni tu."

Nikamsikia Saeed akikifunga kitabu.

"Hata mimi nilikuwa na wageni," akasema. Kisha: "Njoo unywe kahawa. Sitakuonyesha kitu."

Tulimkuta uani, nyuma ya nyumba, amevaa kikoi na fulana, amejikunja anabadilisha gurudumu la gari lake. Ana watu wa kumfanyia, tena wengi, lakini alikuwa anapiga mluzi. Alipotuona akataka kusimama, shangazi akamwashiria aendelee, akavuta tairi bovu, akalitandika gazeti, akaketi juu yake na abaya yake ya hariri. Mimi nikamimina kahawa.

Walizungumza khabari za magoti kwanza, ya huyu na ya yule. Kisha shangazi akasema, "Saeed, umeniletea udi, umeniletea friji, umeniletea geti la baba yangu. Mkeo hujamtaja hata mara moja. Hebu nambie khabari za Hajar."

Akasema hapana cha kusema. Alikuwa mke mwema.

"Hata Sami alikuwa mume mwema, na nnaweza kumsengenya mpaka magharibi. Nambie."

Akakaza nati moja, akailegeza, akaikaza tena. Kisha akaanza. Hajar alikuwa akizungumza wakati wa taarifa ya habari kwa makusudi, ili asisikie. Hajar alipika papa mkavu nyumba ikanuka mpaka Idi ya pili. Saeed akiwa na homa, Hajar alikuwa akificha funguo za gari ili asiende kazini, na mara moja alizificha kwenye gunia la mchele akasahau, wakaja kuzipata wamekwishanunua gari jingine. Alicheka akisema hilo. Nyumba hii Saeed aliianza wakati Hajar ni mgonjwa, akitaka kumfurahisha. Hajar alikuja akaiona ikiwa nguzo tupu, akauliza, "Nani atafagia?" Hakulala humo hata siku moja. Hapo Saeed akaweka spana chini na kulia, waziwazi, mafuta ya gari usoni, na sisi tukaangalia vikombe vyetu.

Shangazi akamwacha amalize. Kisha akasema kwa sauti ambayo skuli hawakupata kuisikia, "Si mimi unayemtafuta."

"Najua," akasema Saeed. "Lakini yule siwezi kumposa tena."

Tulikuwa kwenye gari tukirudi, karibu na uwanja wa ndege, shangazi alipofungua mdomo. Ndege ilipita chini juu yetu, naye akaingoja ipite. "Nasriya, mimi mwendawazimu," akasema. "Mwanamume kaja na marumaru yake, na pesa zake, na mapenzi ya tangu ujana. Na mimi nimekaa juu ya tairi nikamkumbusha mkewe." Akafungua kioo, akakifunga. "Na alikuwa kijana mzuri, unajua. Yale meno." Nikadhani anacheka. Hakuwa anacheka.

Siku zikaenda. Nyumba ya Bawshar Saeed aliwapa watoto wake, ambao sasa wanagombana nani atafagia. Yeye amehamia nyumba ndogo hapa Sib, karibu na soko, ina mlango mmoja. Geti alilipeleka karakana yake ya mtaa wa Ghala, linazuia mbuzi. Kila Ijumaa baada ya sala huja kwa shangazi kula samaki, na hubishana juu ya Kiswahili. Yeye akisema "sana sana," shangazi humwuliza sana moja imemkosea nini. Hapo hucheka, husengenya marehemu wao wawili, na Saeed huondoka kabla ya alasiri kwa sababu ya majirani, ambao hata hivyo wamekwisha kusema yote.

Mwezi uliopita alimposa tena, bila udi, bila Nawar, mbele ya sahani ya miba. Shangazi alisema atafikiri. Bado anafikiri, na Saeed amekasirika kidogo, na hilo, naona, linamfurahisha shangazi kuliko friji.

Nilimuuliza juzi, tukiosha vyombo, "Lakini shangazi, unampenda?"

Akaikung'uta sahani maji, akaitazama kama imeandikwa jibu.

"Nnampenda akija," akasema. "Akiondoka, nnampenda zaidi."