Boriti Isigusayo Ardhi

Nyundo ya kwanza ilipasua jiwe la nguzo ya kusini. Ya pili ikaligawa vipande vitatu, na kipande kimoja kikaruka kikampata Tian Qiaoyun kwenye mfupa wa goti. Hakuishusha simu. Aliendelea kumwelekezea mdogo wake, Kaishun, ambaye alikuwa amevua shati na kuyapiga mawe ya msingi moja baada ya jingine, kama mtu anayeua nyoka.

"Rekodi," Kaishun alisema akihema. "Waonyeshe hao watu wako wa mtandaoni."

"Wanakuona. Geuka kidogo, jua liko nyuma yako."

Kaishun akapasua la nne, akaitupa nyundo kwenye shimo la chokaa, akaondoka.

Jioni ile Qiaoyun aliiweka video hiyo hadharani, kama alivyoweka kila hatua ya nyumba yake tangu alipofyeka magugu. Watu elfu sitini walikuwa wakimfuata, na wengi wao hawakuwahi kukanyaga milima ya Enshi, kule katikati ya China. Chini ya video aliandika: "Mawe manne yamevunjika. Kesho naanza kuchonga mengine. Tindo yangu inateleza kwenye jiwe hili, nani anajua dawa yake?" Mwashi mmoja wa mkoa wa mbali akamjibu kwamba ainoe butu zaidi. Akainoa butu zaidi. Mawe manne yalimchukua siku kumi na tisa.

Alikuwa na miaka arobaini na saba. Baba yake alikuwa seremala aliyefundisha kwa kipigo. Kaishun alisimamishwa mbele ya gogo tangu ana miaka sita, na kila ulimi wa mti uliokataa kuingia kwenye tundu lake ulimletea fimbo ya kupimia mgongoni. Siku moja ilimpiga usoni, ikamwachia kovu lililoigawa nyusi yake ya kushoto. Qiaoyun hakufundishwa, kwa kuwa alikuwa msichana. Alitazama kutoka jikoni, mikono ikiwa kwenye maji ya mboga, akajifunza yote bila kupigwa hata mara moja. Kwa hiyo mmoja alikua akiuchukia mti na mwingine akiutamani.

Baadaye alikwenda mkoa wa Guangdong, pwani ya kusini, kwenye kiwanda cha viatu. Mashine ikamla ncha za vidole viwili. Akaolewa huko, na mume akamvunja mbavu majira ya baridi, kisha taya majira ya baridi yaliyofuata. Mara ya tatu mume alipoinua mkono, Qiaoyun alimpiga kwa ubao wa kukatia nyama, akamruka pale alipoanguka, akapanda basi la kurudi kwao na mfuko mmoja.

Alimkuta baba kitandani. Kabla ya kukata roho, mzee alitamka mbele ya mashahidi wawili kwamba kiwanja cha nyumba ya zamani ni cha Qiaoyun.

"Binti aliyeolewa ni maji yaliyomwagwa," Kaishun alisema siku ya arubaini.

"Basi maji yamerudi mtungini, mdogo wangu. Utayafanyaje?"

Kamati ya kijiji ilikata shauri kwa namna yake: Qiaoyun alipewa kibali cha kujenga hadi mwisho wa mwezi wa kumi wa mwaka uliofuata. Kama boriti ya paa itakuwa haijapandishwa, kiwanja kingekwenda kwa mtoto wa kiume. Mifupa ya nyumba ilipokamilika, nguzo na mihimili bila msumari hata mmoja, ilikuwa tarehe ishirini ya mwezi huo. Fundi Ran, mzee wa miaka sabini na moja aliyekuwa akimsimamia, alifungua kalenda yake ya siku njema, akailamba ncha ya kidole, akafunua kurasa mbili.

"Ishirini na sita, saa tatu asubuhi. Baada ya hapo hakuna siku ya kupandisha boriti hadi mwakani."

Sasa, boriti ya mgongo wa paa hainunuliwi. Huibwa. Mti wake hukatwa alfajiri kwenye mlima wa mtu mwingine, na juu ya kisiki huachwa bahasha nyekundu yenye pesa. Wezi wakishafika mbali hulipua fataki ili mwenye mti ajue, naye hutoka nje kuwatukana, na kadiri matusi yanavyokuwa makali ndivyo nyumba inavyobarikiwa. Tangu unapokatwa, mti huo hauruhusiwi kugusa ardhi mpaka ufike mbele ya nyumba. Ukigusa, umekufa, na siku yake imekufa nao.

Mwizi mwingine yeyote angenyamaza. Lakini Qiaoyun alikuwa amezoea kuonyesha. Siku tatu kabla, alirekodi msunobari mmoja ulionyooka kama uzi wa timazi, akaandika: "Huu ndio." Hakutaja mahali.

Fundi Ran aliitazama video hiyo mara mbili, simu akiwa ameishika mbali na macho. "Mwizi gani anabandika tangazo?"

"Sijasema uko wapi."

"Umepiga picha mizinga ya nyuki ya Babu Xiang, binti yangu. Hata nguruwe wake angeijua."

Muda wa kutafuta mti mwingine haukuwepo.

Tarehe ishirini na sita walipanda watu kumi: wabebaji wanane, Fundi Ran na Qiaoyun. Kulipopambazuka, mti ulishushwa kwa kamba, taratibu, ukaangukia mabegani na si chini. Wakaukata matawi ukiwa hapohapo mabegani. Walipofika bondeni wakalipua fataki, na Babu Xiang, mwenye mti, akatokea mlangoni na suruali ya kulalia.

"Wezi wa mbwa nyie! Matumbo yenu yaoze! Nyumba hiyo ijae panya, na wajukuu, na kelele mpaka msipate usingizi!"

Wabebaji walicheka hadi mti ukatikisika. Mpaka hapo kila kitu kilikwenda kama kinavyotakiwa.

Kaishun alikuwa akiwangoja kwenye njia nyembamba, pale ambapo upande mmoja ni mwamba na upande wa pili ni mashamba ya ngazi yanayoshuka kama urefu wa watu wawili kwa kila ngazi. Alishika panga. Pombe ya mahindi ilikuwa ikimnukia kabla hajafungua mdomo.

"Wekeni chini," alisema.

Qiaoyun alikuwa mbele, akirekodi huku akitembea kinyumenyume, na aliisikia sauti hiyo mgongoni. Alipogeuka panga lilikuwa tayari limeinuka. Liligonga simu likaikata vipande viwili, kisha likashuka kwenye mkono wake wa kushoto na kuufungua kutoka kiwiko hadi karibu na kiganja.

Haukuuma mwanzoni. Ulikuwa wa moto tu.

"Fundi," aliita Peng, mbebaji wa mbele, jirani yake Qiaoyun. "Fundi, anamuua."

Fundi Ran alikuwa nyuma kabisa, akishika kamba ya mkiani, na njia haikuwa na nafasi ya mtu kupita kando ya mti.

"Ukiuweka chini, Peng," Qiaoyun alisema, "nitakuua mimi."

Wakasimama, watu wanane na mti wao, migongo ikitetemeka. Kaishun alimpiga dada yake teke la tumbo, naye dada akaanguka. Akampiga ngumi ya mdomo, na nyingine, na jino likaondoka. Hakuwa akimtaka yeye. Alikuwa anataka kumpita aifikie miguu ya Peng. Qiaoyun alimkumbatia kifundo cha mguu akamng'ata hadi meno yakakutana na kitu kigumu, na Kaishun akamshushia kitako cha panga kichwani, mara tatu, nne. Damu ikamziba jicho moja. Kwa jicho lililobaki, na kwa mkono uliobaki, alichomoa shoka lililokuwa mkandani mwake nyuma.

Aligeuza makali yake yasimwelekee mdogo wake. Wabebaji wote wa mbele waliliona hilo. Akampiga kwa kisigino cha shoka kwenye goti, na goti likalia kama mwanzi mkavu chini ya gurudumu.

Panga likaangukia shamba la chini. Kaishun akalala akiwa ameikata njia, akipiga yowe lisilo na maneno.

"Msukume," Peng alisema. Jasho lilikuwa likimdondoka puani. "Dada Qiaoyun, msukume aende huko chini tupite. Bega langu linakufa."

Qiaoyun alitema damu. Alitazama shamba la chini na mawe yake, kisha akamtazama mdogo wake, na nyusi ile iliyogawanyika, na mdomo uliojaa mate na udongo. Kumsukuma kungehitaji mguu mmoja tu.

Akachutama, akampa mgongo. "Panda."

"Usiniguse, malaya wa Guangdong."

"Panda, au nivunje la pili."

Akapanda. Qiaoyun alimbeba akiwa mbele, na boriti ikafuata. Kila hatua Kaishun alilia na kila hatua alimtukana, na damu ya mkono ikashuka pajani mwake mpaka kiatu kikaanza kuteleza. Kwenye njia panda, kushoto kulikuwa nyumbani na kulia kulikuwa zahanati. Ilikuwa saa mbili na robo.

"Mwenye nyumba ndiye hufunga kitambaa chekundu kwenye boriti," Fundi Ran alisema kutoka nyuma. "Mwenye nyumba ndiye hupokea mikate ya mchele ikirushwa toka juu. Mwache hapa. Nitamtumia mtu."

"Nani? Wote wako chini ya mti."

Mzee akalitazama jua.

"Funga wewe, Fundi. Sema ni mkono wangu." Akakata kulia.

Zahanati ilikuwa na daktari mmoja na vitanda viwili. Daktari alimchoma Kaishun sindano ya maumivu, akalifunga goti lake kwa vibao, akasema atahitaji hospitali ya wilaya na kwamba mguu huo hautakunjika tena vizuri. Kisha akavuta kiti hadi kwa Qiaoyun, akamdunga ganzi kidogo mkononi, akaanza kushona.

Saa tatu, ng'ambo ya bonde, fataki zililia.

"Imepanda," Kaishun alisema, macho yakiwa darini.

"Imepanda."

"Nitakushitaki kwa mguu huu."

"Shitaki. Mashahidi wapo tisa."

Fataki ziliendelea kwa muda mrefu, maana Fundi Ran hakuwa bahili. Kaishun akageuzia ukuta uso. Mkono mzima wa Qiaoyun ukaenda wenyewe mfukoni kutafuta simu, kwa kuwa kwa miezi kumi na minne hakukuwa na kitu kilichosimama kwenye kiwanja kile bila yeye kukionyesha, na simu ilikuwa mlimani, vipande viwili kwenye tope. Akautoa mkono, akashika ukingo wa kitanda kwa nguvu. Daktari alikuwa amefika mshono wa kumi na moja, na ganzi ilikuwa imekwisha.