Kumchagulia Mzee Fimbo ya Kuvulia

Mwaka 2015, mzee aliyeishi ghorofa ya chini ya nyumba niliyopanga huko Buffalo aliniomba nimchagulie fimbo ya kuvulia samaki. Alitaka fimbo moja tu, isiyozidi dola arobaini pamoja na rili yake, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi, ambayo ingemfaa kwa samaki yeyote atakayekubali chambo katika Mto Niagara. Nilimwomba anipe siku tatu. Nilitumia wiki tano.

Wakati huo nilikuwa nimetoka Columbus, ambako nilishindwa mara mbili mtihani wa kuruhusiwa kuanza utafiti wa uzamivu katika takwimu. Mara ya pili nilishindwa kwa swali moja. Mtahini aliweka kidole kwenye mstari mmoja wa sura ya pili ya andiko langu, akaniuliza kwa upole nimejuaje kwamba jambo lile ni kweli. Sikuwa nimelijua. Nilikuwa nimelichukulia hivyo tu, na kurasa zote zilizofuata zilisimama juu yake. Walinipa shahada ya uzamili na kunitakia heri. Chuo kimoja cha Buffalo kilinikubali nianze upya, nikahamia West Side, kwenye nyumba ya mbao yenye ghorofa mbili. Tangu hapo sikuweza kutuma hata barua pepe ya mistari mitatu bila kuisoma mara sita.

Mzee alitoka Uvira, Kongo. Aliishi na binti yake, aliyehudumia wagonjwa majumbani, na wajukuu watatu waliomjibu kwa Kiingereza kila alipowasemesha Kiswahili. Aliposikia kwamba natoka Tanzania na kwamba bado nasoma katika umri ule, alianza kuniita docteur, Kifaransa cha daktari, nami sikuwa na ujasiri wa kumsahihisha. Jumamosi asubuhi alipanda basi kwenda kuvua Riverside, na kuanzia mwezi wa sita nilikwenda naye. Saa moja kamili nilishuka ngazi, naye alikuwa tayari mlangoni. Nilizaliwa Dodoma na sikuwahi kuvua hata dagaa. Kazi yangu ilikuwa kubeba ndoo. Tulisimama kwenye ukuta wa zege kando ya mto, tukazungumza. Katika juma zima, ukiondoa waliokuwa wakinifundisha na waliokuwa wakiniuzia kitu, hakuna mtu mwingine aliyenisemesha. Niliishi kwa kusubiri Jumamosi, na nilijua hivyo.

Mzee alivua kwa mshipi uliozungushwa kwenye chupa ya plastiki. Aliuzungusha hewani pamoja na chubwi yake, kile kipande cha risasi kinachozamisha ndoano, kisha akauachia uende mbali. Lakini miaka miwili ya kuinua makapu ya mashuka kwenye kiwanda cha kufulia ilikuwa imeliharibu bega lake la kulia, na kila kurusha kulimkunja uso. Ndiyo maana alihitaji fimbo.

"Hawa watoto nikiwatuma, wanachagua rangi," alisema. "Wewe docteur uko na masomo. Soma, unichagulie."

Nilisoma. Nilitengeneza jedwali lenye safu kumi na moja: urefu, ugumu, uzito, idadi ya vipande, aina ya rili, na kadhalika. Nilisoma maoni ya mamia ya wavuvi wa Kimarekani, nikayapa alama kulingana na ufasaha wao. Fimbo ndefu hurusha mbali lakini husumbua ndani ya basi. Kwa hiyo iwe ya vipande viwili. Ya nyuzi za kioo ni imara lakini nzito na haipeleki habari mkononi. Ya kaboni ni nyepesi, na samaki akigusa tu chambo, mvuvi anajua. Kila nilipokaribia uamuzi niligundua safu niliyokuwa nimeisahau, nikaanza tena.

"Docteur, fimbo yangu imefika darasa la ngapi?" mzee aliniuliza katika wiki ya tatu.

"Bado nachunguza, mzee."

"Bon, chunguza. Samaki hawana haraka. Wao wako na makaratasi, hakuna mtu anawafukuza."

Wiki ya tano nilipanda mabasi mawili kwenda kwenye duka la vifaa vya uvuvi nje ya mji. Muuzaji, mtu mzima aliyening'iniza miwani kifuani, alisikiliza maelezo yangu yote. Kisha akanipa fimbo nene ya nyuzi za kioo, ngumu kama mpini wa ufagio, akasema wale wanaovua kutoka ukutani huchukua hii. Nilimshukuru. Moyoni niliuita huo ushuhuda wa mtu mmoja. Nikanunua ile ya kaboni, ya ugumu wa wastani, iliyokuwa ya kwanza kwenye jedwali langu.

Jumamosi, pale ukutani, mzee aliipokea kwa mikono miwili. Aliitikisa, akatazama ncha yake inavyotetemeka, kisha akachungulia maji yaliyokuwa chini yetu, karibu mita mbili kutoka juu ya ukuta. "Ni nzuri," alisema. Nilimweleza habari za wepesi na hisia. Alinisikiliza mpaka mwisho, na siku hiyo alivua samaki wadogo tisa bila kukunja uso hata mara moja. Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha ambayo sasa ninaona haya kuikumbuka.

Jumamosi ya tatu kambare mkubwa alikula. Mzee alimchezea kwa muda mrefu, bila pupa, hadi akamfikisha chini ya ukuta. Kisha akainama, akainua fimbo ili kumpandisha, kama mtu yeyote anayetaka kula alichokivua. Ncha ilikatika. Sauti yake ilikuwa ndogo sana. Mzee aliiachia fimbo ianguke kwenye zege, akaudaka mshipi kwa mikono, akamvuta kambare juu mkono baada ya mkono kwa lile bega bovu, hadi samaki akatua miguuni pangu.

Pale pale nilielewa. Wote niliowasoma walikuwa wakivua kwa ajili ya mchezo, na kambare ni samaki ambaye wengi wao humtoa ndoano na kumwachia papo hapo majini. Hakuna aliyeandika namna ya kumpandisha samaki ukutani kwa fimbo peke yake, kwa sababu hakuna aliyekusudia kwenda naye nyumbani. Katika safu zangu kumi na moja, hakuna hata moja iliyouliza samaki atatokaje majini. Nilikuwa nimelichukulia tu.

Mzee alikaa juu ya ndoo akishika bega, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Donc docteur, umeninunulia fimbo ya kusalimia samaki," alisema. "Ya kumleta kwenye sufuria bado iko dukani." Akawageukia wavuvi wawili wa Kikongo waliokuwa karibu. "Mumuone huyu. Wiki tano alisoma!"

Nao wakacheka. Mmoja akasema angalau ile fimbo ilikufa ikiwa imesoma. Ulikuwa mzaha wa watu wanaokuhesabu kuwa mwenzao. Leo naujua hivyo. Siku ile niliona tu uso wa mtahini.

Jumamosi iliyofuata sikushuka. Nilijiambia kwamba bega lake linahitaji kupumzika na kwamba kwenda kwangu kungemlazimisha. Nilianza kutumia ngazi za nyuma. Niliandika maelezo ya kosa langu, ukurasa mmoja na nusu, ili nimsomee. Nikayafuta, nikayaandika upya. Jumamosi ile ile ya kwanza, saa moja asubuhi, wakati ambao zamani nilikuwa mlangoni kwake, nilisikia sakafu yangu ikigongwa kutoka chini. Mara tatu, kisha kimya, kisha mara tatu tena. Nilihitimisha kwamba hatua zangu zinamkera, kwa kuwa nilikuwa na tabia ya kutembea huku na huku nikifikiri. Nikavua viatu. Jumamosi ya pili yake aligonga tena, nikaacha kutembea kabisa, nikakaa kitandani na soksi, bila kusogea, hadi saa tatu. Hali iliendelea hivyo kwa wiki sita.

Mwishoni mwa Oktoba nilirudi kutoka maktaba nikakuta madirisha ya chini hayana mapazia. Binti alikuwa amepata kazi ya ghala huko Louisville, ambako ndugu zake walisema nyumba ni rahisi na baridi ni ya kuvumilika. Mwenye duka la vyakula mtaani alinipa namba ya simu. Nilikaa nayo siku kumi na mbili kabla ya kupiga.

"Docteur," mzee alisema alipoisikia sauti yangu. "Uliumwa?"

"Hapana, mzee. Niliona haya kwa sababu ya fimbo."

"Fimbo gani?" Kisha akakumbuka. "Ile? Lakini mimi nilikuita. Kila samedi, ile Jumamosi yetu, niligonga kule juu na ufagio, twende. Zile ngazi zinanishinda, na hawa watoto samedi hawaamki. Nikasema, bon, labda amepata bibi."

Nilimsikia akipumua na televisheni ikizungumza nyuma yake. Ghorofa ya chini haikupata mpangaji hadi majira ya baridi yalipokwisha, na katika miezi hiyo nilitembea chumbani nikiwa na viatu, kadiri nilivyotaka.

Mwezi wa tatu, chuo kilipofunga kwa wiki moja, nilipanda basi kwenda kumwona. Njia inapita Columbus, na kubadilisha basi kulinigharimu saa tatu za kungoja kituoni. Nilikuwa nimewahi kuishi katika mji ule miaka minne. Nilipitia majina yote kwenye simu yangu, sikuona hata moja ambalo ningelipigia.

Mzee na familia yake walikaa Shively, nje kidogo ya Louisville, katika nyumba ndogo ya matofali. Alikuwa amekonda. Bado alivua kwa chupa, tena kwa mkono wa kushoto. Asubuhi yake nilimwambia ningependa tukanunue fimbo nyingine, naye achague. Dukani hakusoma kibandiko chochote. Aliiondoa fimbo moja ukutani, akanipa ncha yake.

"Shika. Wewe uko samaki."

"Mzee, watu wanatuangalia."

"Samaki haangalii watu. Vuta."

Nilivuta. Akasema hii inalia, akairudisha. Ya pili aliikataa kabla sijaanza. Ya tatu ilikuwa nene, ya nyuzi za kioo, yenye rili nzito ya kizamani. Nilivuta kwa nguvu zangu zote hadi viatu vikateleza sakafuni, naye akanipandisha polepole mpaka nikasimama kifuani pake. Mfanyakazi wa duka aliuliza kama tunahitaji msaada. Mzee akasema kwa Kiingereza chake kwamba tayari ameshapata samaki. Ilichukua kama dakika sita. Nililipa, naye hakubisha.

Alasiri tulikaa kwenye ukingo wa Mto Ohio, ambako hakuna ukuta, ardhi inateremka hadi majini. Nilimwambia kwamba mimi si docteur. Kwamba nilifeli Columbus, mara mbili.

"Najua," alisema, macho yakiwa kwenye mshipi. "Docteur wa kweli angepanga juu yangu, kwenye ile nyumba ya panya?" Akazungusha rili, akauliza, "Sasa utakuja lini tena?"

Nilianza kumweleza kwamba inategemea ratiba, kwamba nitaangalia nikifika, nimjulishe.

"Usiangalie. Sema siku."

"Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa tano."

"Bon," alisema, akarusha tena.

Kesho yake, basi lilipovuka mto kuelekea kaskazini, nilifungua kalenda. Jumatatu inayofuata Jumamosi hiyo, saa tatu asubuhi, ndiyo niliyopangiwa mtihani ule ule ulionishinda Columbus, sasa mbele ya watahini wapya. Kiti cha pembeni yangu kilikuwa kitupu, nami niliweka simu juu yake, nikaitazama kwa mwendo mrefu. Sikumpigia mzee kubadilisha siku.