Nyumba Bila Matangazo

Siku Varun alipoiondoa kebo nyumbani kwa wazazi wake, mimi nilipiga makofi. Nalisema mapema ili mtu asije akadhani nilikuwa na akili kuliko wengine. Nilisimama mlangoni na kitambaa cha vyombo begani, nikashangilia, kwa sababu Varun alikuwa ametuambia maneno matamu: kuanzia leo hakuna matangazo ya biashara tena.

Naitwa Agneta, mtu wa Kisian, na kwa miaka kumi na tisa nimepika na kufagia kwa Mzee Rasik na Mama Kamla, hapa Milimani, Kisumu. Mzee ana miaka sabini na minne. Alizaliwa Muhoroni, baba yake akiwauzia wakata miwa unga na sukari, na Kijaluo chake kinawashinda watoto wangu. Ukimsikia kwenye simu huwezi kujua ni Mhindi. Zaidi ya miaka thelathini alikuwa na duka Awasi, sabuni, blanketi, majembe, mafuta ya nywele, mpaka magoti yakamkatalia akafunga.

Mama Kamla, mkewe, ana ugonjwa wa kusahau. Ulianza na miwani na funguo, ukaja kwenye majina ya wajukuu, ukaingia hata kwenye mambo ambayo hukufikiria yanaweza kusahaulika, kama vile chakula kilichoko mdomoni kinatakiwa kumezwa. Kitu kimoja tu ugonjwa haukukigusa: tamthilia zake za Kihindi. Saa sita mchana mpaka saa nane, na tena saa kumi na moja mpaka giza liingie, Mama alikuwa mbele ya runinga, na alijua nani amemwibia nani mume.

Nyumba ile ilikuwa na sheria yake, ya tangu watoto wakiwa wadogo. Tamthilia ikianza, hakuna kuinuka. Chapati iungue, simu ilie, mgeni abishe hodi, utangoja matangazo. Matangazo yakianza, nyumba nzima inafufuka. Mama anaenda chooni, anarudi, ananyoosha mkono apewe sahani, anakula haraka haraka, anameza dawa. Mzee anapiga simu zake. Mimi nageuza chapati. Dakika tano, sita, halafu kimya tena. Chakula chake cha mchana kiliisha kwa matangazo matatu. Sisi tuliona ni tabia yake tu, na tulikuwa tukimcheka.

Varun, mtoto wao, anaishi Kanada. Alikuja Januari kwa wiki mbili, akakuta kebo inakatika kila mvua ya jioni ikinyesha, na mama yake akiiuliza skrini nyeusi watu wameenda wapi. Akamwita Frankline, fundi aliyewahi kupanda nguzo kwa niaba ya kampuni hiyo hiyo ya kebo kabla haijampunguza kazi. Frankline alivuta waya ukutani, akapandisha antena juu ya paa ikitazama milima ya Riat ili Mzee apate habari za hapa nyumbani, kisha akaweka chini ya runinga kijisanduku kidogo kuliko mche wa sabuni. Ndani yake, kwa waifai, zilikuwamo tamthilia zote za Mama tangu siku ya kwanza, moja ikiisha nyingine inaingia yenyewe.

"Mama hatangoja kitu tena," Varun alisema, na macho yake yalikuwa na machozi. Alimpenda mama yake, na hilo siwezi kumnyang'anya, ingawa baadaye nilimkasirikia mpaka nikawa siwezi kupokea simu yake.

Siku ya kwanza baada ya Varun kuondoka, Mama alikaa mbele ya runinga kwa muda wa saa nne na nusu. Nilimpelekea sahani saa saba.

"Ngoja matangazo," akaniambia.

Nikangoja. Nilipoona dengu imeganda nikaipasha moto, nikarudi, akaniambia vile vile, kwa upole, bila kuniangalia. Saa kumi na nusu nilimkuta amelowa, na kochi limelowa, na bado anatazama. Nilimwosha akilia kwa aibu. Sikujua bado ninachokitazama.

Wiki hiyo tukasema ni ukaidi. Wiki ya pili tukasema ni tumbo. Alikunywa maziwa kidogo usiku, nikiwa nimezima runinga, akifikiri ni dawa ya kikohozi. Wiki ya tatu bangili zilianza kumtoka mkononi zenyewe. Niliokota moja chini ya meza, nikakaa nayo jikoni, na hapo ndipo nilipoelewa. Hakuwa amekataa chakula. Alikuwa anangoja ruhusa ya kula, na ruhusa hiyo tulikuwa tumeitoa nje pamoja na ule waya. Nilikaa siku mbili bila kumwambia Mzee, maana nilikumbuka makofi yangu.

Siku ya tatu nikamwambia. Alichukua rimoti, akaisimamisha picha. Mama akaweka mikono mapajani.

"Stima imepotea," akasema, akaendelea kukaa, kama watu wa Kisumu wote wanavyokaa stima ikipotea.

Tukajaribu antena, kwa kuwa stesheni za hapa zina matangazo mpaka yanachosha. Picha ikawa ya buluu kwanza, ikasema hakuna mawimbi, kisha akatokea bwana mmoja akieleza minyoo ya ng'ombe. Mama alipiga ukelele. Watu wake walikuwa wamefukuzwa nyumbani kwao na huyu wa minyoo ameingia.

Mzee akamwita Frankline arudishe kebo. Frankline alitembea mtaa mzima akitazama juu, akarudi, akaketi kwenye ngazi za veranda na kofia mkononi.

"Mzee, hakuna mahali pa kuunganisha. Kampuni ilifunga mwezi jana. Waya zote wamekunja. Hata ile chaneli ya Mama ilihamia kwa mtandao."

"Si hiyo ya mtandao iko na ya bure? Hiyo ya bure haina matangazo?"

"Iko nayo," Frankline akasema, na kwa mara ya kwanza mwezi huo tulipata tumaini.

Akaibadilisha. Tulisimama watatu nyuma ya kochi, mimi na sahani, Mzee na dawa, Frankline na rimoti. Tangazo likaja. Mama akaanza kuinuka, nikauona mgongo wake ukiacha kochi, na moyo wangu ukapanda. Sekunde tano. Kabla hajanyoosha miguu tamthilia ilikuwa imerudi, naye akarudi chini. Lilikuja la pili, la sekunde tano vile vile. Mtu wa miaka sabini na mmoja hawezi kwenda chooni kwa sekunde tano. Frankline aliondoka bila hata kunywa chai.

Daktari Shaista, anayewatibu wote wawili, alikuja na mzani wake. Kilo thelathini na nane. Akasema zikishuka tena ni hospitali na mpira wa kulishia puani, na Mama atauvuta huo mpira, na watamfunga mikono. Alisema hivyo kwa sauti ya chini, lakini alisema. Jioni Varun akapiga simu. Alikuwa amepata makao ya wazee Nairobi, safi, yenye wauguzi, na angekuja Jumamosi ya wiki iliyofuata kumpeleka mama yake.

Mzee hakubishana naye. Hicho ndicho kilichonitisha. Alikuja jikoni, akasimama karibu na jokofu.

"Agneta, mimi nimeshindwa. Miaka arobaini na nane na huyu mama, na nimeshindwa kumlisha chapati."

Alilia. Sijui watu wengine hufanya nini mwajiri wao akilia jikoni. Mimi nilimenya vitunguu saumu, vingi kuliko vilivyohitajika. Nilitaka kumwambia Mungu yupo, nikaona sina hakika siku hiyo.

Kesho yake saa sita na nusu alipiga magoti mbele ya kochi, na magoti yale nimeshayasema. Alikata kipande cha chapati, akakichovya kwenye dengu, akamsihi kwa Kigujarati. Baada ya miaka kumi na tisa naelewa Kigujarati cha jikoni, na alikuwa anasema kula, kula mpenzi wangu, kidogo tu, kwa ajili yangu. Mama akainamisha kichwa kando ili aone skrini. Mzee akamsogelea. Mama akainamisha upande mwingine. Kipande kikaanguka kwenye zulia.

Mzee akainuka kwa kushika meza. Alikasirika, sijawahi kumwona hivyo. Akasimamisha picha, akajiweka mbele ya runinga akiiziba yote, akaanza kupaza sauti. Kwanza alimpazia yeye, akimtazama machoni, na Mama akageuza uso. Halafu kitu kikamkatika mzee yule. Akaacha kumtazama. Akayainua macho juu ya kichwa cha Mama, kwenye pazia, akalitabasamia lile pazia, na ikamtoka sauti ya siku ya soko Awasi.

"Mafuta ya nywele, wamama. Yanaingia mpaka kwa mizizi. Ukipaka Jumatatu, mpaka Jumapili bado unang'ara. Biuru une, njooni muone. Hakuna mwingine ako nayo."

Nilidhani amerukwa na akili. Nilifikiri, sasa ni wawili, na mimi ni mmoja.

Mama Kamla akainuka. Akapita karibu naye kama mtu anavyopita karibu na kabati, akaenda chooni. Tulisikia maji. Akarudi, akaketi, akanyoosha mkono kwangu.

Nilimpa sahani. Akala. Nikasikia sauti ya mtu akitafuna, na Mzee naye akaisikia, akanyamaza. Mkono wa Mama ukasimama hewani.

"Endelea, Mzee," nikamwambia. "Tafadhali, uza kitu."

Akauza blanketi. Akauza viberiti, jembe la pembe mbili, chumvi ambayo haishiki unyevu hata mvua inyeshe wiki nzima. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye kola. Dakika saba nzima, kwa saa ya ukutani. Mama alipofuta midomo, Mzee akabonyeza rimoti na kusogea kando, na tamthilia ikaendelea. Nusu ya chapati ilikuwa imekwenda. Tulienda jikoni tukashikana mikono kwenye sinki, mimi na yeye.

Tangu hapo Mzee akawa anasimama mara sita kwa siku. Varun alipofika ile Jumamosi mzani ulisema thelathini na tisa na nusu. Hakuuamini mzani. Saa saba akasimama nyuma ya mlango wa ukumbi, akamwona baba yake akilisifia lile pazia sabuni ya kufulia, na mama yake akila. Akaziba mdomo. Jumatatu alirudi uwanja wa ndege peke yake, na habari za makao ya Nairobi sikuzisikia tena.

Ningeweza kuishia hapo. Kanisani nilipowasimulia niliishia hapo, wakasema Bwana asifiwe.

Lakini yako masharti ambayo hatukuyapanga sisi. Mzee akimtazama Mama machoni wakati wa tangazo, Mama anaacha kula. Akiingiza jina la Mama, hata kwa utani, anaacha. Siku moja, katikati ya kusifia majani ya chai, alishindwa kujizuia, akasema kwa sauti ya kawaida, "Kamla, ni mimi." Mama akaiweka sahani chini, na siku hiyo hakuishika tena. Basi Mzee akajifunza kuwa mgeni. Alinunua shati jipya la kazi hiyo. Alijifunza kutabasamu bila kumtabasamia mtu, na nilipomwona akijifunza mbele ya kioo cha bafuni nilirudi nyuma taratibu asinione.

Wiki iliyopita mvua ya mawe ilipiga mchana, baridi ikamwingia Mzee kwenye magoti. Alimaliza tangazo la kwanza, na badala ya kwenda kukaa jikoni kama alivyozoea, akaketi kwenye kochi karibu na Mama. Nadhani alikuwa amechoka tu. Aliweka mkono wake juu ya mto, haukumgusa.

Mama alimtazama. Kisha akanivuta aproni, akaninong'oneza kwa Kiswahili, lugha tunayozungumza mimi na yeye siku zote.

"Agneta, huyu mtu ya matangazo amekaa hapa kwa Mzee. Mwambie polepole atoke. Mzee akirudi atasikia vibaya."

"Mama, huyu ndiye Mzee."

Akamgeukia, akamtazama vizuri, muda mrefu, kwa adabu kama anavyotazamwa mgeni. Nilimwona Mzee akimtazama machoni, kwa mara ya kwanza baada ya miezi minne, hakujificha. Sijawahi kuona mtu akiomba namna ile bila kufungua mdomo.

"Hapana," Mama akasema. "Huyu ni wa sabuni. Mzee yangu namjua."

Mzee Rasik akainuka. Alimwambia samahani mama, kwa Kiswahili, kama angemwambia mteja baada ya kumkanyaga. Akaniuliza kama wali umeiva. Nikamwambia umeiva. Akaweka kola sawa, akaenda kusimama mbele ya runinga, akalitazama lile pazia.