Mwangaza wa Picha ya Baba

Mama alipotolewa mtoto wa jicho, hakuomba kuona wajukuu. Alitaka kumwona baba.

Baba yupo kwenye DVD moja tu, ya sendofu ya dada yangu, sherehe ya kumuaga kabla ya ndoa, iliyofanyika hapa Karatu majuma machache kabla hajafariki usingizini. Tangu siku ile Mama ameshikilia neno moja: "Alikuwa mzima kabisa. Angeugua, si ningejua?" Nadhani neno hilo ndilo lililomzuia asianguke.

Siku moja kabla Mama hajaja kwangu, niliijaribu diski peke yangu kwenye kompyuta. Mimi ni mtu wa shahada mbili anayeita fundi abadilishe balbu, lakini nilifungua mipangilio nikabonyeza kila nilichokiona. Mistari iliyokuwa ikikata picha kama meno ya kitana ikatoweka. Nikaongeza mwangaza, na hapo likajitokeza jambo lililofichwa na giza la ukumbi: baba anatoa hotuba huku ameng'ang'ania meza, jasho linamtoka, anajifuta midomo na kuisukuma leso mfukoni haraka, kama mwizi.

Alikuwa mgonjwa. Tena sana.

Nikaogopa. Mama akiona hili atajilaumu hadi anaingia kaburini. Nikarudisha mwangaza chini, chini kuliko mwanzo.

Kesho yake, baada ya ibada, Mama alikaa karibu kabisa na kioo cha kompyuta.

"Mbona giza? Au hili jicho nalo bovu?"

"Diski imezeeka, Mama."

"Imezeeka kunizidi mimi? Rekebisha. Wewe si umesoma?"

"Inaweza kuharibika kabisa."

"Chuo kikuu chote kile, unashindwa na taa!"

Ili kuvuta muda nikaanza na sauti. Mpiga picha alikuwa amemwaga muziki juu ya hotuba yote, kwa hiyo nikapunguza besi na kuinua sauti za kati. Nilikosea. Sauti ya baba ilitoka safi, na pumzi yake pia, ikikwaruza kati ya neno na neno. Nikaizima upesi.

"Picha kwanza," Mama akasema.

Nikasogeza mwangaza kidogo.

"Tena."

Nikasogeza tena. Meza ikaonekana, kisha vidole, kisha leso. Sikutazama kioo tena; nilimtazama yeye.

Hakushtuka. Alinyoosha kidole akagusa mahali nyuma ya koti la baba.

"Mkono huu unauona?"

Jana nilikodolea macho leso tu. Kweli, kulikuwa na mkono umekamata koti kwa nyuma, umekaza, na kwenye kifundo bangili ya shanga. Bangili hiyo hiyo ilikuwa inagusa kioo changu sasa.

"Ningemwachia angemwangukia mbuzi wa ndafu, yule mzima wa kuchomwa pale mezani," akasema. "Alinikataza nisiwaambie. Alisema mtavunja sherehe."

"Lakini Mama, siku zote umesema alikuwa mzima."

"Ningesemaje? Wewe ulikaa pale mbele kabisa, unapiga makofi. Ungejilaumu mpaka leo."

Nilikuwa nimeshaanza.

"Haya, rudisha sauti," akasema, akivuta kiti. "Hapa ndipo anapokutaja wewe."

Nikairudisha, polepole, huku nikiomba umeme ukatike.