Nilimsugua Tembo wa Mama Mkwe

Kosa ni langu, na simtafuti mtu wa kunisaidia kulibeba. Najua mtanisema. Semeni, nimeshazoea. Ila mjue kwanza ni kosa lipi, maana kuna moja ninalolikubali na lingine ninalolikataa mpaka leo.

Nilikuwa nauza sarafu za kale sokoni Kadutu, hapa Bukavu. Nilipoanza, kazi ilikuwa nyepesi. Akina mama wa vijijini waliniletea sarafu za Wabelgiji zenye tundu katikati, zile walizowavalisha watoto shingoni, nami nilizinunua kwa viganja. Za fedha niliziuza kwa mfua pete, naye aliziweka kwenye mizani basi. Mwaka ulioandikwa juu yake hakuna aliyeuuliza.

Baadaye wakaja walimu wa Kizungu na kitabu cha bei na kioo cha kukuzia. Mambo yakageuka. Sarafu mbili za uzito mmoja, hii haina maana, ile inanunua mbuzi, kwa sababu ya mwaka tu! Nilijifunza kusoma miaka haraka kuliko wanangu.

Mama mkwe wangu, kule Katana, alikuwa na sarafu kubwa ya fedha yenye picha ya tembo. Mumewe alimletea kutoka migodi ya Mwenga alipozaa mtoto wa kwanza, akamwambia ni fedha ya kweli, na siku atakapokuwa hayupo itamsitiri. Mzee akafariki. Nyumba ikaanza kuvuja, ndipo mama akanikabidhi nikamuuzie. Mwalimu mmoja wa Kizungu wa mtaa wa Muhumba, nilipomweleza ilivyo, aliahidi bei ya kuezeka nyumba nzima kwa mabati mapya.

Sarafu ilikuwa imeingia weusi wa miaka, na mimi nimelelewa. Kitu cheusi vile sikipeleki kwa watu. Nikachukua majivu, limau na mchanga wa ziwani, nikaisugua kama ninavyosugua sufuria, mpaka ikang'aa.

Mwalimu aliitazama kwa kioo chake, kisha akanitazama mimi.

"Maman, uliifanya nini?"

"Niliisafisha. Ilikuwa na buchafu."

"Ule buchafu njo nilikuwa nanunua."

Kumbe weusi ule ndio aliokuwa akiutaka. Akanionyesha. Mikunjo ya ngozi ya tembo ilikuwa imefutika, na uso wake umekuwa laini kabisa. Hakuitaka tena. Bei iliyobaki ilikuwa ile ya mizani ya mfua pete.

Hilo ndilo kosa ninalolikataa. Kitabu ni chao, bei wamezitunga wao, na wanazibadilisha wanavyotaka bila kutuuliza. Ningejuaje kwamba weusi una thamani? Mama yangu alinichapa kwa sababu ya sufuria nyeusi. Kwa kusugua siombi msamaha kwa mtu yeyote, hata mnikasirikie.

Kosa langu ni lililofuata. Niliona aibu kumrudishia mama mkwe tembo asiye na uso. Nikamuuzia mfua pete, halafu nikapanda kwenda Katana.

"Mama, muzungu anasema ile feza haiko ya kweli," nikamwambia. "Iko ya bongo, ya kudanganya. Aliivunja na nyundo mbele yangu."

Mama akasema, "Kumbe Muzee alinidanganya."

Pesa ya mfua pete nikamnunulia mabati machache, nikadai yametoka mfukoni mwangu. Akanibariki. Hebu fikirieni, ananibariki kwa sarafu yake mwenyewe, na mimi naitikia amina!

Tangu hapo alibadilika. Kila mwaka alikuwa akimtolea mumewe sadaka ya misa. Akaacha. Jina lake akawa halitaji, na akilitaja ni kwa kumtukana mbele ya wajukuu. Siku mwanangu aliporudi kutoka kwa bibi yake akicheka kwamba babu alikuwa mwongo, niliacha chakula nikainuka.

Nikaenda nikasema ukweli mbele ya familia yote. Shemeji zangu wakarukia bei. Mmoja alitaka nilipe ile ya mizani, mwingine ile ya mwalimu, wa tatu akataka ya leo, kwa kuwa pesa yetu ya zaire imeporomoka na sarafu kama zile zimepanda. Nikawaambia wachague wenyewe, nitalipa, simwogopi mtu.

Mama mkwe akawanyamazisha.

"Muniachie na iyo bei yenu. Ile feza ilikuwa yangu." Akanigeukia. "Unirudishie ile miaka nilikuwa natukana baba yao. Wewe unajua bei ya kila kitu. Iyo iko bei gani?"

Siku hizi misa ameirudisha, na mimi ananisalimia vizuri, lakini chakula nilichopika hakigusi.

Basi ninyi mnaosoma, mkiharibu kitu cha mtu, semeni mmekiharibu. Tukaneni kitabu cha Wazungu, tukaneni hata mimi. Msimsingizie marehemu. Mimi nilimsingizia, na mtu pekee ambaye angemtetea ni mkewe, yule niliyemdanganya.