Mgebuka Asiye na Kichwa

Mwanakombo wa Ujiji aliuza migebuka pale mwaloni Katonga tangu hajaolewa, na mdomo wake ulijulikana kuliko samaki wake. Mwaka ule Warundi walipokuwa wakimiminika kuvuka mpaka, alipata mteja wa kumtoa kimasomaso: Léoncie, Mrundi wa zile familia zilizokimbilia huku zamani, aliyefungua mgahawa Kasulu kwenye njia ya kambi ya wakimbizi.

Kasulu ni mbali, samaki humshiki. Abdulatif, kijana aliyekuwa akimposa Ummy, binti wa Mwanakombo, akajitolea kumtengenezea tovuti. Akapanga picha ndogo kwenye visanduku vya mraba, vyote sawasawa. Fungu la dagaa lilikaa vizuri. Mgebuka, maskini, ni mrefu. Kisanduku kikamkata huku na huku, likabaki tumbo.

Léoncie akapiga simu. "Yoo, mama! Kichwa kiko wapi? Unanificha nini? Basi, nitatafuta kwingine."

Jamani! Katonga mnunuzi hutazama jicho, akafunua shavu aone wekundu. Anayeficha kichwa anauza uozo, hakuna maelezo mengine. Mwanakombo aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Mteja anakwenda, na jina zuri la muuzaji linakwenda naye.

"Mama, akibonyeza atamwona mzima," Abdulatif alijitetea.

"Nani atabonyeza uozo?"

Kijana akashikilia lake: picha nzima ikiachwa ilivyo, kisanduku kitabaki na nafasi tupu, ukurasa utakuwa hovyo.

Siku hiyohiyo mashangazi wa Ummy walikuja kumjua mposaji. Kabla Abdulatif hajamaliza kuamkia, mama mtu akawafungulia simu kwenye picha ya kijana mwenyewe, aliyoiweka kwenye tovuti kama fundi wake, amesimama wima na urefu wake wote. Kisanduku kilikuwa kimembakizia mkanda na vifungo viwili.

"Mkwe wenu ndiye huyu," akasema, uso mkavu.

"Ala! Na kichwa?"

"Sijui. Labda kimeshaoza."

Mashangazi wakacheka mpaka wakashika mbavu. Ummy akakimbilia ndani, khanga mdomoni. Abdulatif, jasho likimtoka, akarekebisha palepale. Mgebuka akatokea mdogo lakini mzima, jicho linang'aa, weupe mtupu juu na chini yake. Léoncie akapigiwa, akatazama, akaagiza.

"Lakini mama," kijana akanung'unika, "ona nafasi tupu ilivyobaki."

"Iache, baba. Nafasi tupu hainuki."